Benchi Lisilobishiwa Hodi

Bustani yenyewe ni ndogo kiasi kwamba mtu akiingia kwa lango la juu na simu sikioni, hutokea lango la chini kabla hajamaliza kusalimiana. Ina njia moja ya kokoto inayopita katikati, imenyooka kana kwamba imepigwa rula, na mabenchi sita, matatu kushoto na matatu kulia. Kila benchi limezungushiwa ua wa michongoma uliokatwa mraba, na kila ua una uwazi wa upana wa mtu mmoja unaotazama njiani. Wageni hutania kwamba mtaa huu una choyo hata cha kukaa, kila mtu na kichumba chake. Kuna bomba moja la maji, kibanda kimoja cha vifaa, na bembea moja ambayo mnyororo wake wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, kwa hiyo watoto wote wa hapa wamekua wakibembea upande.

Anayeitunza ni mwanamke wa miaka hamsini na minane. Jina lake liko kwenye kitambulisho na huko ndiko linakokaa. Mtaa mzima humwita Bi Mkasi, kwa sababu ya ule mkasi mkubwa wa kukatia ua anaotembea nao kwapani kama wenzake wanavyotembea na pochi. Ukitupa karatasi chini hakugombezi. Anaiokota, anakufuata mpaka langoni, anakukabidhi mkononi na kukutakia siku njema. Wapo wanaume wazima, na ndevu zao, waliowahi kubadilisha njia kwa kuogopa kutakiwa siku njema.

Kazi aliirithi kwa baba yake, mtunza bustani wa kwanza, aliyeshika fagio miaka thelathini na miwili. Mzee aliugua Jumatatu akafa Jumamosi, na katikati ya siku hizo swali lake kubwa lilikuwa kama michongoma imepunguzwa. Homa ilipompanda alikuwa akimwita mtu aitwaye Kidoti, akimwomba afungue. Watoto wake wakaulizana Kidoti ni nani, wakakubaliana kuwa lazima ni paka fulani wa zamani. Bi Mkasi, ambaye ndiye mkubwa wao, akachukua fagio. Huu ni mwaka wake wa ishirini na tisa.

Baba hakumwachia maelekezo mengi. Alikuwa mtu unayeweza kukaa naye mchana kutwa ukaondoka umejua habari za mbolea tu. Alimwachia desturi moja na agizo moja.

Desturi ilikuwa hivi. Kila asubuhi kabla ya kufagia, mtunza bustani hupita benchi moja moja. Anasimama kwenye uwazi wa ua, anagonga chini mara tatu kwa mpini wa fagio, anangoja kidogo, ndipo anaingia. Benchi la kwanza, la pili, la tatu, la nne. La tano hagongi. Anakohoa kidogo, anaingia moja kwa moja, anaweka mkoba wake juu ya benchi na kufagia. Akifika la sita anagonga tena kama kawaida. Alipokuwa mtoto Bi Mkasi aliuliza sababu, baba akasema kugonga ni kwa ajili ya kufukuza nyoka. Na la tano je? La tano halina nyoka. Mtoto akaridhika, na alipokuwa mtu mzima desturi ilikuwa imeshamkaa mwilini, hakuona cha kuuliza. Hakuna anayejiuliza kwa nini huanza na kiatu cha kulia.

Agizo alilitoa Ijumaa, siku moja kabla ya kufa, akiwa na akili zake timamu. Benchi la tano lisiondoke pale. Wengine wafanye watakavyo, hilo lisiondoke. Sababu hakuitaja.

Lipo jambo jingine kuhusu benchi hilo ambalo Bi Mkasi hakuwahi kumwambia mtu. Wanaokaa pale hukaa upande wa kulia. Awe mzee na gazeti lake, awe mwanamke na mzigo wake, hukaa upande wa kulia na kusogea mpaka ukingoni, kama unavyosogea kumpisha mwenzako. Upande wa kushoto hubaki wazi. Yeye aliliona hilo mwaka wake wa kwanza akaamua kutolitazama, maana jambo kama hilo ukilitazama sana na lenyewe hukutazama.

Basi Jumatatu moja akaja kijana kutoka ofisi ya mipango, mpole, mwenye viatu visivyojua tope, na karatasi kubwa aliyoizungusha kama mkeka. Kabla ya saa nne mtaa ulikuwa umeshambatiza Bwana Ramani. Alileta habari mbili na zote kwa sura zilikuwa njema. Ya kwanza, bustani itapata choo cha umma, kitu ambacho wakazi walikuwa wamekiomba miaka nenda miaka rudi, na Bi Mkasi mwenyewe alikuwa ametia sahihi. Ya pili, langoni patawekwa kibao cha historia ya bustani, na nani aiandike kama si yeye aliyezaliwa na kuzeekea hapo. Aya moja tu, alisisitiza, asije akamwandikia kitabu.

Bi Mkasi alichomwa kidogo na hiyo ya pili. Alijua kila mzizi wa ile bustani, lakini hakujua palikuwa na nini kabla baba yake hajapanda mchongoma wa kwanza. Hakuwa na muda wa kulifikiria, maana kijana alikuwa ameshafungua utepe wake wa kupimia. Alipima kutoka bombani, akaingia kwenye ua wa benchi la tano, akachora msalaba mkubwa wa chaki juu ya mbao za kukalia.

"Hapo hapachimbwi," alisema Bi Mkasi.

"Kwa nini, mama?"

"Baba alisema."

Kijana hakucheka, na hilo Bi Mkasi alilihesabu kwa upande wa malezi yake. Alimweleza kwa upole kwamba fomu yake ina kisanduku cha sababu, na "baba alisema" haiwezi kuingia humo. Maji yako karibu na hapo, ndiyo maana wamepachagua hapo. Kama ipo sababu, amletee. Vibarua wanakuja Alhamisi asubuhi.

Usiku huo Bi Mkasi hakulala vizuri. Nyumbani kwao ni vyumba viwili na kibaraza, na mumewe ni dereva wa lori aliyestaafu, mtu asiyeamini chochote kisicho na injini. Alimwambia mkewe benchi ni mbao nne na misumari, aliache liende. Mkewe akamjibu kwamba agizo la baba si mbao, kisha akamgeuzia mgongo. Kilichomuumiza hakikuwa benchi. Ni kwamba aliombwa jambo moja tu na mtu aliyekuwa anakufa, na alikuwa hana hata sababu ya kulitetea.

Jumanne alifika bustanini mwili ukiwa pale na akili iko kwingine. Jua lilikuwa limeshatoka, wanafunzi wanapita kwenda shule, mwuza magazeti anapanga bidhaa zake langoni. Akagonga la kwanza, akafagia. Akagonga la pili, la tatu, la nne. Kichwani alikuwa akitunga sababu za kumpa Bwana Ramani na kuzikataa mwenyewe. Akafika la tano, akasimama kwenye uwazi wa ua, na mkono ukafanya uliyokuwa umeyafanya mahali pengine pote. Ukagonga mara tatu.

"Nani?"

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike. Haikutoka nyuma ya ua wala barabarani. Ilitoka pale pale mbele yake, kimo cha kiuno, kama ya mtoto aliyesimama nyuma ya mlango.

"Mimi," akajibu Bi Mkasi. Alijibu kabla ya kufikiri, jinsi yeyote aliyelelewa anavyojibu.

"Mimi nani?"

Mbele yake palikuwa na benchi lenye msalaba wa chaki, majani makavu, na mwanga wa asubuhi juu ya mbao tupu. Hapakuwa na mtu. Lakini alisikia kungojewa. Hakuweza baadaye kulieleza hilo vizuri zaidi: alisikia kabisa kwamba kuna mtu anangoja jibu lake, na kila alivyokaa kimya yule mtu alizidi kuogopa. Kisha akasikia chuma kikisuguana na chuma, polepole, kama mkono mdogo unaosukuma komeo zito. Kikanyamaza. Kikasuguana tena.

Hakukimbia. Alitembea ule mwendo wa mtu anayejizuia asikimbie, ambao ni mbaya zaidi kuutazama. Mumewe alipoelezwa alisema ni watoto wa shule, na kama si wao basi ni sauti tu, sauti hupotea njia asubuhi, hata kwenye lori ilikuwa hivyo.

Jumatano ule uwazi haukuwapo. Michongoma ilikuwa imeshikana kutoka upande huu hadi ule, mwiba kwa mwiba, kijani kibichi, kana kwamba hapakuwahi kuwa na nafasi ya kupita. Bi Mkasi alipunguza ua ule kwa mikono yake wiki iliyotangulia na anajua mchongoma hukua kiasi gani. Akaushambulia kwa mkasi. Alikata uwazi mzima, jasho likimtoka, akainama kukusanya matawi chini, na alipoinuka ua ulikuwa umefunga. Matawi aliyoyakata alikuwa nayo kifuani, yanamchoma. Akayaweka chini kwa adabu, hata hakujua kwa nini kwa adabu, akavuka barabara kwenda kwa fundi, mkongwe kuliko wote mtaani.

Fundi cherehani huyu ni bikizee wa miaka themanini na minne, anayeshonea kibarazani kwake, mkabala na lango la chini. Mtaa wote unajua vituko vyake viwili. Huweka cherehani kinyume, ili mgongo wake mwenyewe uielekee bustani, hata kama mwanga unamjia vibaya na kila uzi unamsumbua. Na katika miaka yote hiyo hajawahi kukanyaga bustanini, hata siku paka wake alipokwama juu ya mti. Aliwaita watu, yeye akabaki barabarani amejifunika uso.

Bi Mkasi alimwamkia. Fundi akaitikia bila kusimamisha mguu kwenye cherehani, akamwuliza amekuja kushona au kuuliza, maana hamwoni na kitambaa. Bi Mkasi akasema jana alighafilika, akaligonga benchi la tano. Cherehani ikasimama.

"Akakuuliza mimi nani," alisema fundi. "Sivyo?"

Bi Mkasi alikaa chini bila kukaribishwa. Alikuwa hajataja sauti yoyote.

Fundi alianza kusimulia akiwa bado amemgeuzia mgongo, na mkono wake ukiwa juu ya gurudumu la cherehani. Kabla ya bustani palikuwa na nyumba. Nyumba moja ndefu ya vyumba sita, vitatu kushoto, vitatu kulia, na ukumbi mwembamba katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Bi Mkasi aligeuka akatazama ng'ambo ya barabara, ile njia ya kokoto iliyonyooka, zile nyua sita za mraba, kila moja na uwazi wake. Baba yake hakuwa amepanda bustani. Alikuwa amepanda nyumba.

Ile nyumba ilijengwa juu ya shimo. Zamani palichimbwa mawe, mawe yalipokwisha shimo likafukiwa kwa taka na vifusi, na mtu akaja akajenga juu bila kuuliza kitu. Mwaka ilipozama, fundi alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, anajifunza kushona kwenye kibaraza hiki hiki. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Saa sita mchana aliinua kichwa akaona ukuta wa nyuma umeinama kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Akatupa kitambaa, akavuka, akaingia ukumbini akigonga kila mlango na kuwaambia watu watoke. Wa cha kwanza wakatoka, na wa pili, na wa tatu, na wa nne. Wa cha sita walikuwa kazini. Cha tano aliishi fundi rangi na mkewe na binti yao wa miaka mitano. Mume alikuwa juu ya ngazi mahali fulani mjini, anapaka ukuta wa watu. Mke alikuwa na homa, amelala hajitambui.

"Mtoto ndiye aliyekuja mlangoni," fundi alisema. "Akauliza nani. Nikamwambia mimi. Akauliza mimi nani. Na mimi, mwanangu, nilikuwa na haraka, nikapiga tu kelele, fungua, fungua. Mama yake alikuwa amemfundisha anayebisha hodi asipojitaja asifunguliwe. Mtu mzima anapiga kelele mlangoni, mtoto atafanya nini? Alisukuma komeo la juu. Nikamsikia anasukuma na la chini."

Alichomoa sindano kwenye kitambaa na kuirudisha palepale.

"Ningesema tu, mimi ni dada fundi wa ng'ambo, niliyekushonea gauni la maua. Alikuwa ananijua vizuri. Maneno hayo hayachukui hata muda. Sikuyasema, na sakafu ikaanza kuondoka, nikakimbia."

Yaliyobaki aliyaeleza haraka. Walichimba siku tatu. Chumba cha tano kilikuwa kimeshuka mbali kiasi kwamba walioshuka kwa kamba walipandishwa bila kufika. Manispaa ikafukia, na kwa kuwa hakuna mwenye akili ambaye angejenga tena, pakatangazwa kuwa bustani. Fundi rangi akaenda kuomba kazi ya kuitunza. Alipanda kila ua penye ukuta wake, akaweka kila benchi ndani ya chumba chake, na asubuhi akawa anabisha hodi kwa majirani zake wote kabla ya kuingia. Kwa cha tano hakubisha. Mtu habishi hodi kwake. Hata enzi za uhai wao, alikuwa akirudi kazini anakohoa tu ukumbini na mtoto anajua ni baba. Miaka mitatu baadaye akaoa tena, akawaomba wa mtaa wasiliseme jambo hilo mbele ya watoto atakaowapata. Hawakulisema. Mmoja mmoja wakafa nalo, amebaki yeye.

"Yule mtoto aliitwaje?" aliuliza Bi Mkasi.

"Alikuwa na alama nyeusi hapa, juu ya mdomo. Tulimwita Kidoti."

Bi Mkasi alilia, na alilia kwa hasira kwanza. Maisha yake yote amekuwa kifungua mimba. Amebeba wadogo zake mgongoni, nusura akose kuolewa kwa sababu yao, amegombezwa kwa makosa yao kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Kumbe juu yake palikuwa na mtu, na baba alikwenda kumwona kila asubuhi, na mle nyumbani hakumtaja hata mara moja. Hasira ilipopungua, ikabaki huruma, na hiyo ilikuwa nzito zaidi.

Fundi alimwacha amalize. Kisha akageuza kiti, kwa shida, mpaka akawa anamtazama, na nyuma ya bega la Bi Mkasi bustani yote ilikuwa mbele ya macho yake.

"Wewe miaka hii ishirini na tisa umekuwa ukiingia mle unakohoa," alisema. "Hukubisha hodi. Unadhani amekuwa akifikiri wewe ni nani?"

Bi Mkasi aligeukia bustani. Aliona asubuhi zote zile, mkoba ukiwekwa juu ya benchi, upande wa kushoto ukiwa wazi. Mtoto alikuwa akimpokea baba yake kila siku, na jana baba amebisha hodi kama mgeni na kushindwa kujitaja. Hapo ndipo alipojua hasa alichovunja, na kwamba kwa sasa choo si tatizo lake kubwa.

Alhamisi Bwana Ramani alifika saa mbili na vibarua wawili. Alipouona ua akamtazama Bi Mkasi kwa masikitiko, akamwuliza mbona ameziba, hivi sivyo walivyokubaliana. Bi Mkasi akasema hakuziba yeye, na kabla hajaulizwa ni nani akamweleza habari ya shimo, ya nyumba, na ya watu wawili waliomo. Aliisema kwa kifupi na kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma taarifa. Kijana alimsikiliza hadi mwisho. Lakini alikuwa mtu wa visanduku, na kisanduku hujazwa kwa kipimo, kwa hiyo akamwomba kibarua mmoja achome mtaimbo ardhini, hatua moja kutoka kwenye ua.

Pigo la kwanza lilizamisha mtaimbo mpaka katikati. La pili likauzamisha mpaka mikononi mwa kibarua, na akauachia, na alifanya vyema kuuachia, maana uliendelea kwenda. Pakabaki kitundu kidogo kinachopumua hewa baridi. Wote wanne wakainamisha vichwa kusikiliza chuma kikigonga chini. Wakasikiliza mpaka mmoja wa vibarua akaanza kurudi nyuma, mguu mosi mguu pili, akivitazama viganja vyake. Hakuna kilichogonga.

Bwana Ramani alijaza kisanduku chake akiwa amesimama kwenye lami. Choo kikahamishiwa lango la juu. Alipokuwa anakunja karatasi yake aliuliza, kwa sauti ya chini, kama ile aya ya kibao iko tayari. Bi Mkasi aliiandika jioni hiyo kwenye meza ya chakula, nyuma ya karatasi ya kalenda, mumewe akishika taa ya simu kwa kuwa umeme ulikatika, na kwa mara ya kwanza akiwa hana la kusema kuhusu injini.

"Hapa palikuwa na nyumba ya vyumba sita," aliandika. "Ilizama saa sita mchana, siku ya mvua. Wa vyumba vinne waliokolewa na fundi cherehani wa ng'ambo. Mama mmoja na binti yake Kidoti, wa miaka mitano, hawakutoka. Mume wa huyo mama, ambaye ni baba wa huyo mtoto, aliipanda nyumba upya, chumba kwa chumba. Karibuni mkae."

Alitamani kuandika kwamba benchi la tano liko salama. Lakini lilikuwa salama kwa ofisi tu. Ndani ya ua ule kulikuwa na mtoto aliyejifungia, anaogopa, na aliyemtisha ni yeye.

Ijumaa asubuhi, jua likiwa limeshapanda juu ya mapaa, Bi Mkasi aligonga benchi la kwanza, akangoja. Safari hii alijua anamngoja nani, na akajiona ana haya kidogo, kama mtu aliyeingia majumba ya watu miaka yote bila kujua yana wenyewe. Akagonga la pili, la tatu, la nne. Mbele ya la tano ua ulikuwa umefunga vilevile, mwiba kwa mwiba.

Aliuegemeza ufagio mbali, ili mkono usije ukafanya mambo yake tena. Kikohozi kikamjia kooni, akakimeza. Kile kilikuwa kikohozi cha baba, na kukitumia leo, akijua, ingekuwa kumhadaa mtoto. Kwa hiyo alisimama pale hana desturi yoyote ya kushika, mikono inaning'inia. Alipogeuka aliona ng'ambo, kibarazani, fundi amegeuza cherehani yake. Alikuwa ameketi akiitazama bustani, mikono juu ya magoti, hashoni.

"Si baba," alisema Bi Mkasi kuuambia ua. "Baba alifariki. Ni miaka ishirini na tisa sasa. Alikuita mpaka siku ya mwisho. Aliyekuwa akiingia ni mimi. Mimi ni mtoto wake, nilizaliwa nyuma yako. Mimi ni mdogo wako." Akavuta pumzi. "Na yule aliyegonga siku ile ya mvua ni dada fundi, aliyekushonea gauni la maua. Anakuomba radhi."

Ua haukutikisika. Mwuza magazeti alipita njiani na baiskeli yake, akaona mtunza bustani anasema na michongoma, akaongeza mwendo. Bi Mkasi alingoja mpaka magoti yakaanza kumuuma. Alisikia tena kule kungojewa, na akadhani amesema yote, akashindwa kuelewa bado anadaiwa nini. Ndipo akakumbuka, na akaona aibu kweli, mtu mzima na mvi zake. Alikuwa amemwendea mkubwa wake, akamwaga habari nzito za msiba, na hakuwa amemwamkia.

Akapiga goti, taratibu, mpaka uso wake ukawa kimo cha kiuno.

"Shikamoo, dada."

Akabaki vilevile, goti chini.

"Marahaba," ikasema sauti ya mtoto wa miaka mitano, pale pale mbele yake. Kisha akasikia komeo la juu likivutwa, na baada ya muda kidogo, kwa kuwa lilikuwa zito, na la chini.